Barua ya wazi kwa wanaoshika funguo za makanisa ya kale ya kisiwa cha Mombasa

Kwa Baba Askofu wa Kanisa la Anglikana na Baba Askofu Mkuu wa Jimbo Kuu Katoliki la Mombasa; kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya; na kwa wakuu wa utalii na utamaduni katika Kaunti ya Mombasa.

Waheshimiwa na baba zetu,

Salamu kutoka Nairobi. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili, na kanisani kwetu huku Eastlands nimekabidhiwa kazi ya kupanga ziara za vijana na za akina mama. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe haliko chini ya ofisi moja, na nikililetea dawati moja litasukumwa kwenda jingine. Ombi langu nalitanguliza ili nisiwachoshe: makanisa ya kale ya kisiwani yafunguliwe kwa wageni kwa saa zinazojulikana, na kila moja liwe na mtu wa kulisimulia kwa Kiswahili, historia yote, pamoja na sehemu zinazouma.

Sisi wa Nairobi tunaipenda Mombasa, hilo mnalijua. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2017, mtu wa Umoja au Kayole anaamka alfajiri, anawahi Syokimau, na mchana yuko Miritini. Anavuka Makupa, anapiga picha chini ya pembe za Moi Avenue, anaingia Fort Jesus, jioni anakula viazi karai Mama Ngina, kesho yake anaoga bahari Nyali, kisha anarudi kazini. Katikati ya hayo yote amepita Barabara ya Nkrumah, pengine mara mbili tatu, mbele ya makanisa makuu mawili, la Anglikana na la Katoliki, bila mtu yeyote kumwambia kuna nini mle ndani. Na wengi wa wasafiri hawa ni Wakristo. Imani yao ilipanda bara, kwa sehemu kubwa, kwa njia ya reli iliyoanzia kisiwani humo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka huohuo mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua misheni ya St. Austin's, wakapanda na kahawa. Kanisa Kuu la All Saints, ambalo sisi huku tunaliona la kale sana, jiwe lake la msingi liliwekwa 1917 na likawekwa wakfu 1952. Mombasa palikuwa na makanisa zaidi ya miaka 300 kabla ya jiwe hilo.

Niruhusuni niitembee barabara hiyo pamoja nanyi, kwa sababu hoja yangu iko njiani humo.

Tuanze ngomeni. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Waingereza waliigeuza gereza, nalo likabaki gereza hadi 1958, kisha likawa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wageni hukimbilia mizinga na kuta za juu zinazotazama bahari. Ndani ya ua, chini kabisa, kuna mabaki ya kanisa la Wareno. Ni misingi tu, na watu huipita wakidhani ni mawe ya kawaida ya magofu.

Hapo ndipo ninapotaka wanafunzi wangu wasimame kwa muda mrefu kuliko pengine popote, kwa ajili ya Yusuf bin Hassan.

Yusuf alikuwa mtoto wa Sultani Hassan wa Mombasa. Baba yake alikosana na Wareno, akauawa mwaka 1614. Mtoto akavushwa bahari hadi Goa, India, akalelewa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo. Alipokuwa mtu mzima Wareno wakamrudisha Mombasa awe mfalme chini yao. Walimtarajia kijana wao, waliyemlea wenyewe. Lakini alirudi kwenye mji ambao baba yake alikuwa ameutawala, na kwenye ngome ambayo kapteni wake hakumpa heshima ya mfalme. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi kwenye Uislamu na kwenye jina lake. Siku zilizofuata waliuawa Wareno, na wakauawa pia Waafrika waliokuwa wamebatizwa na wakakataa kuikana imani hiyo. Kanisa Katoliki linawakumbuka kama Mashahidi wa Mombasa. Mwaka uliofuata Yusuf aliondoka na Wareno wakarudi. Juu ya lango la ngome bado yako maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, yanayomsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa jinsi alivyowatiisha watu wa pwani.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, mbele ya misingi hiyo, kama Yusuf alikuwa shujaa au muuaji. Nilimwambia akae na swali hilo asubuhi nzima. Sidhani lina jibu jepesi, na sitaki jibu jepesi lipachikwe ukutani. Mtoto aliyeuawa baba yake na kupewa jina jipya na wale wale waliohusika na kifo hicho, ana kesi. Waafrika waliokufa wakiwa na tasbihi mkononi, ambao majina yao si maarufu hata kwetu sisi Wakristo, nao wana kesi. Mombasa ni mji wa Waislamu na Wakristo wanaoishi pamoja, ukuta kwa ukuta, na naelewa kwa nini mtu wa ofisini angependa habari hii ipite kimya kimya. Lakini vijana wanaisoma kwenye simu zao, mara nyingi katika matoleo ya kuchocheana. Afadhali waisikie pale pale palipotokea, kutoka kwa mtu anayeijua na asiye na haraka. Hapa nawaomba ninyi wa Makumbusho: pawe na maelezo ya Kiswahili marefu kuliko jina la mahali na mwaka, yaliyoandikwa na wanahistoria wa pande zote mbili wakikaa meza moja. Jambo hilo halitakuwa geni Mombasa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika hapo mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia ni kadhi wa mji, Ali bin Mueddin.

Kutoka ngomeni mtu anatembea kwa miguu, anapita bustani ya Treasury Square, na kabla hajatoka jasho la kutosha amefika Kanisa Kuu la Kumbukumbu la Anglikana. Lilikamilika 1905. Lina kuba na matao ya namna ya Kiarabu, hata mgeni anaweza kulipita akidhani ni msikiti, na kwangu mimi huo ndio uzuri wake mkubwa: kanisa lililokubali kujengwa kwa lugha ya mji wake. Linaitwa la kumbukumbu kwa ajili ya Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 akielekea Buganda.

Habari za Hannington zinajulikana. Ninaowaulizia mimi ni wale aliosafiri nao. Wapagazi wengi waliuawa pamoja naye siku ile, watu wa pwani waliobeba mizigo yake kupitia Umasaini hadi karibu na mto Nile. Na kulikuwa na William Jones. Huyu alikuwa Mwafrika aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa India, kisha akarejea Afrika Mashariki kufanya kazi ya kanisa. Mei 1885 Hannington alimpa ushemasi huko Frere Town, kijiji cha waliokombolewa utumwani karibu na kisiwa, yeye na mwenzake Ishmael Semler. Walikuwa Waafrika wa kwanza wa misheni ya Waanglikana ya Church Missionary Society katika Afrika Mashariki kupata daraja hilo. Miezi michache baadaye Jones alifuatana na askofu wake safarini, akaachwa Mumias na sehemu kubwa ya msafara, akangoja huko hadi habari za kifo zilipomfikia. Ni yeye aliyewarudisha watu hao salama hadi Rabai, mwanzoni mwa 1886, wakitanguliwa na bendera yenye neno moja, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Anayejua Kitabu cha Kwanza cha Samweli atajua walikuwa wanalia nini.

Mwanafunzi wa kidato cha pili akilisikia jina la Hannington peke yake, anaondoka akiamini kwamba Ukristo wa nchi hii ni kazi ya Wazungu waliokufa njiani. Akilisikia na jina la Jones, anaanza kuuliza maswali mengine: alitekwa wapi, aliuzwa na nani, alinunuliwa na nani, na kwa nini watu kama yeye, waliosoma na kuhubiri, walikawia sana kupewa mamlaka katika kanisa walilolitumikia maisha yao yote. Haya ni maswali magumu kwa kanisa langu mwenyewe. Ningependa yaulizwe ndani ya kanisa lenyewe.

Kuna tarehe mbili ambazo natamani mgeni azisikie pamoja akiwa amekaa kwenye mabenchi ya pale. Kanisa lilikamilika 1905. Sheria ya kufuta utumwa pwani ya Kenya ilikuja 1907. Yaani milango ile ilipofunguliwa kwa mara ya kwanza, ng'ambo ya maji kulikuwa na kijiji cha waliokombolewa, Frere Town, ambacho kengele yake bado ipo Kongowea, na hapo hapo mjini walikuwapo watu ambao kisheria walikuwa bado mali ya watu wengine, chini ya serikali ya Uingereza iliyojisifu kupiga vita utumwa.

Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu liko mbele kwenye barabara hiyohiyo, na sitalieleza sana, kwa sababu uzuri wake unaonekana hata na aliye kwenye matatu. Nasema tu kwamba joto la Mombasa likikuchoma, ukaingia mle na kukaa kimya, unaelewa kwa nini waliojenga walijali urefu wa dari.

Sasa nifike kwenye malalamiko, maana yapo. Katika ziara yetu moja tulifika kwenye kanisa moja la kale la pwani, sitalitaja, tukiwa kundi la vijana waliovaa vizuri, na barua ya shule mkononi. Askari wa getini akasema leo hakuna ibada. Tukamwambia tumekuja kuangalia na kujifunza. Akasema hana maagizo. Tukaomba namba ya mtu wa kuzungumza naye, hakuwa nayo. Wakati tumesimama juani, likaja gari la watalii na mwongozaji wao, wakafunguliwa, wakaingia, wakaelezwa kwa Kiingereza kwa sauti tuliyoweza kuisikia kupitia dirishani. Sikumlaumu askari. Yule mwongozaji alikuwa na mpangilio na mtu wa ndani, sisi hatukuwa nao, na askari alifuata alichozoea. Lakini vijana wangu waliyaelewa yale kwa namna yao, na sikuwa na maneno ya kuwatoa katika uelewa huo.

Naelewa pia shida zenu. Kanisa ni nyumba ya ibada kwanza. Hatutaki watu wenye kamera wapitepite wakati wa misa au mazishi. Ulinzi ni jambo la lazima, na sisi wa Nairobi tumezoea kupekuliwa kabla ya kuingia kanisani kwetu. Fedha ni chache. Kwa hiyo siombi makubwa. Naomba saa zinazojulikana, hata kama ni za asubuhi tu, siku tatu kwa wiki, zibandikwe getini na askari azijue. Pawe na namba ya simu inayopokelewa. Pawe na ada ndogo inayolipwa kwa M-Pesa ya kanisa, si mfukoni mwa mtu, na wanafunzi wapunguziwe. Na wachaguliwe vijana wa ushirika wenyewe, wa hapo hapo kisiwani, wafundishwe historia kwa miezi kadhaa na Makumbusho, wapewe vitambulisho na walipwe. Mombasa ina vijana wengi wenye kisomo na Kiswahili kitamu kuliko chetu, wanaokaa maskani bila kazi.

Mfano wa kujifunzia upo karibu. Unguja wanapokea wageni kila siku katika Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa Juni 1873. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia, amezikwa nyuma ya madhabahu. Nje kuna sanamu za watumwa ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Mama mmoja wa ushirika wetu, mtu wa maneno mengi, alisimama pale na hakusema kitu hadi tulipoondoka. Mjini kuna pia kanisa la Katoliki la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji wanaliita Minara Miwili. Mgeni anatoka Unguja akijua kitu.

Hata huko, hata hivyo, kuna la kutuonya. Wageni hushushwa kwenye vyumba vya chini karibu na kanisa, wakaambiwa humu ndimo watumwa walimofungiwa wakisubiri kuuzwa. Wapo wanahistoria wanaosema vyumba hivyo ni sehemu ya jengo la misheni lililojengwa baada ya soko kufungwa. Nikiwa mwalimu jambo hilo linanihangaisha. Mateso ya soko lile ni ya kweli na yana ushahidi mwingi, hayahitaji kuongezewa. Kijana akija kugundua kwamba sehemu moja ya simulizi ilitiwa chumvi, atalitilia shaka simulizi zima. Kwa hiyo waongozaji wa Mombasa wafundishwe kutenganisha yaliyoandikwa na mashahidi, yanayosimuliwa na wazee, na yanayokisiwa, na wawe huru kumwambia mgeni hivyo.

Mkunazini kuna msalaba wa mbao unaotokana na mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambapo moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Watu wengi hupiga picha msalaba ule. Waliouchukua mwili wake kutoka Chitambo hadi pwani ni Waafrika: Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao. Mmoja wa wenzao hao, Matthew Wellington, mzaliwa wa Uyao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India kama Jones, alikuja kuishi Mombasa na akafa huko mwaka 1935. Wako watu wengi Nairobi ambao babu zao wangeweza kuwa wamesalimiana naye barabarani. Nimewauliza walimu wenzangu wa historia kama wanamjua, na karibu wote hawajawahi kumsikia.

Jambo la mwisho ni kuta zenyewe. Majengo ya kale ya pwani yetu, ya ibada na ya kuishi, mengi yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa huruhusu unyevu kutoka ukutani. Fundi akija na saruji akapiga lipu ngumu juu ya ukuta wa namna hiyo, unyevu unabaki ndani, chumvi inakula jiwe, na baada ya miaka lipu inaanguka na vipande vya ukuta. Kwa macho saruji inaonekana safi, na wafadhili hupenda kuona kazi safi, ndiyo sababu kamati nyingi za ujenzi huingia mtegoni kwa nia njema. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib pale Unguja iliporomoka na kuua watu. Lilikuwa jengo mashuhuri kuliko yote ya mji ule, ndani ya eneo la urithi wa dunia, na watu walikuwa wamepiga kelele miaka mingi kwamba limechoka. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa urithi wa kihistoria unaolindwa. Nawasihi ninyi wa Makumbusho mkae na makanisa mkague kila jengo la ibada la kale kisiwani, mtangaze yanayostahili, na muwape wakuu wa makanisa mafundi wanaojua chokaa, maana kuagiza jengo lisibomolewe, bila kutoa fundi, kunamwachia padri au kasisi mzigo asioweza kuubeba.

Sisi huku hatuji mikono mitupu. Tuko walimu kadhaa wa historia na wa Kiswahili, na katika kwaya yetu yuko mzee aliyesoma Kilatini seminarini. Tuko tayari, bila malipo, kunakili na kutafsiri kwa Kiswahili maandishi yote ya mawe na mabamba ya kumbukumbu yaliyo ndani ya makanisa hayo, ya Kiingereza na ya Kilatini, na kuyakabidhi kwenu myahakiki na kuyachapa kama mtakavyoona. Kazi hiyo inahitaji ruhusa ya maandishi kutoka kwa kila kanisa, na mtu mmoja wa Makumbusho wa kututazama tusiharibu kitu. Likizo ya Agosti inatutosha. Tunaomba mtuambie barua ya kuomba ruhusa hiyo tuiandike kwa nani.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu wa historia na msimamizi wa ziara za ushirika,
Eastlands, Nairobi